Gari Zimewaka?

Machi 4, Jumatatu
Mvua ya kwanza. Paa la gereji linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na kaka ameweka ndoo ileile. Duka la vipuri limetugawia shajara za bure zenye picha ya betri juu. Msasa, mpiga rangi wetu, ameshachana kurasa zake za Januari na Februari kuwashia jiko la chai. Mimi nimesema yangu nitaiandika. Sina mume wa kugombana naye jioni, acha nigombane na karatasi.

Gereji ni ya kaka yangu, kaachiwa na baba. Mimi ndiye mdogo wake, na fundi kama yeye, ingawa mteja mgeni akiingia huniuliza fundi yuko wapi, nami nimeshika soketi na nimejaa oili mpaka kwenye nyusi. Mtaani naitwa Bi Spana. Nakaa chumba cha uani kwa kaka, na wifi ananivumilia. Nami namvumilia.

Machi 5, Jumanne
Breki, oili, breki. Jioni wifi kasimama mlangoni na swali lake: "Gari zimewaka?" Nikasema zimewaka. Hata pole na kazi hakuna.

Machi 7, Alhamisi
Leo nimefanya jambo ambalo sijui niliiteje.

Imekuja teksi inalia mbele kama debe la misumari. Cheni ya taimingi imelegea. Cheni hiyo ndiyo inayofunga ndoa kati ya krenki, iliyoko chini na kusukuma pistoni, na kemshafti, zilizoko juu na kufungua valvu. Kila kimoja kinajua zamu yake. Ukiifunga imekosea jino moja, gari inakosa nguvu na kutetemeka. Ikikosea meno matatu, pistoni inapanda valvu haijarudi, zinagongana uso kwa uso, na hapo hakuna cha fundi wala mganga.

Kiwanda kimeweka alama, vijitundu vidogo kwenye gia, na cheni mpya inakuja na viungo viwili vitatu vyenye rangi. Kiungo cha rangi kikae kwenye kitundu, basi, umemaliza. Baba alikuwa na njia yake. Kabla ya kutoa cheni ya zamani alidondosha tone la rangi ya kucha kwenye gia, na tone jingine kwenye chuma kinachotazamana nayo. Cheni mpya ikiingia, matone yakutane. "Kama ulivyoikuta, iache hivyo." Njia nzuri, ila ina ugonjwa mmoja: cheni iliyolegea sana huwa imesharuka jino, na wewe ukifuata matone unanakili kosa la gari. Ndiyo maana baba baada ya matone alikuwa anainama na tochi kutazama vijitundu pia. Kaka anatumia matone. Kuinama na tochi sikumbuki nimemwona lini.

Saa sita kaka huenda nyumbani. Ana sukari, wifi humchoma sindano, anakula, anajinyoosha kidogo, halafu anarudi kufunga kifuniko cha mbele. Leo alipotoka nikapita kwenye ile teksi kuchukua kitambaa. Jicho likaniangukia kwenye gia. Kitundu kimepita mstari kwa jino moja zima.

Ningemwambia. Lakini Msasa alikuwa hatua chache anasugua mlango wa gari jingine, na Msasa ukimwambia kitu saa sita, saa saba kiko sokoni. Kaka ni kaka. Nikabana kikaza cheni, nikachomeka pini yake, nikasogeza cheni jino moja, nikaachia. Nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kama inavyotakiwa, mpaka alama zikarudi mahali pake. Matone ya kaka nikayafuta kwa petroli, nikadondosha mengine kutoka kichupa chake alichokiacha juu ya boneti.

Amerudi, akapitisha kidole gumba kwenye gia, akazungusha krenki kwa spana, matone yakakutana. Akanigeukia. "Umeona? Mkono wa baba huu."

Nikasema, "Nimeona, kaka."

Machi 8, Ijumaa
Teksi imeondoka, dereva anacheka peke yake. "Inapanda mlima kama mpya!" Kaka kutwa nzima anapiga mluzi.
Wifi: "Gari zimewaka?"
"Zimewaka zote. Teksi ndiyo usiseme."
Akapokea habari njema kama mtu aliyepigwa kofi. Huyu mwanamke ana nini?

Machi 13, Jumatano
Mvua. Msasa anasema rangi haikauki, na akiendelea kungoja ikauke na yeye ataota ukungu. Hakuna kazi.

Machi 19, Jumanne
Gari ya mkunga. Cheni tena, na tena kanakili kosa, jino moja. Saa sita nimelirekebisha. Hasira nilizokuwa nazo! Matone makubwa kama mbegu za tikiti, kayamwaga tu, hovyo, wala hakufuta mafuta kwanza. Baba angemchapa na mkanda wa feni.

Alasiri nikamchokoza: "Kaka, kwa nini hutazami vitundu?"
"Kwani baba alitazama?"
"Baba alitazama, kaka. Nilikuwa namshikia tochi."
Akasema, "Basi wewe una kumbukumbu nzuri," akaenda kunawa mikono ambayo alikuwa keshanawa.

Ukubwa umemkaa kichwani. Akisema yeye imetoka, hata ikiwa imetoka kombo. Nimechoka kuwa mdogo wa mtu.

Machi 22, Ijumaa
Wifi leo kauliza kama nimeona rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Nikamwambia mimi kucha zangu hazijaonja rangi tangu nizaliwe, amuulize mumewe. Hakucheka. Akasema, "Imebaki ile isiyo na rangi, ya kung'arishia. Nayo sijui itakaa siku ngapi."

Kisha swali lake. Zimewaka, nikamwambia. Zimewaka, zimewaka, zimewaka. Ana roho ya hesabu, anahesabu gari kama hela.

Machi 23, Jumamosi
Ndoo imejaa mara mbili.

Aprili 3, Jumatano
Sijui nianzie wapi. 

Gari ya nne ya cheni tangu mvua zianze. (Ya tatu sikuiandika, ile ilikuwa sawa.) Asubuhi kaka kafunga cheni, saa sita akaondoka. Nikaenda kutazama, maana sasa imekuwa zamu yangu. Nikatafuta matone yake. Hakuna. Nikaleta tochi. Hakuna. Nikasema leo mzee hata alama hakuweka, kafunga kwa maombi. Nikapitisha kidole kutafuta kitundu, na kidole kikapanda juu ya kitu. Kigumu, laini, cha mviringo. Nikamulika kwa ubavu, kikang'aa.

Ile ya kung'arishia. Isiyo na rangi.

Nani anaweka alama isiyoonekana? Nilikaa chini kwenye tairi. Matone makubwa vile, ili kidole kiyapate. Kidole gumba kinachopita kwenye gia. Tochi yake iliyokaa kwenye kabati mpaka betri zikatoa unga. Na yeye aliikamata ile chupa asijue kwamba siyo ile nyekundu. Mimi nilikuwa namwita mwenye kiburi, mtu hata haoni kichupa alichoshika!

Nilisahihisha (jino moja tena), nikaweka matone, nikamngoja. Alipofika nikamtuma Msasa akanunue misumari ambayo hatuihitaji.

"Kaka, hii ni chupa gani?"
Akaishika. "Rangi ya kucha."
"Rangi gani?"
Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi angoje ipungue, au alijifanya anangoja.
"Nyekundu," akasema.

Alijua kutokana na kimya changu. Akatafuta benchi kwa mkono, akakaa.

Akaniambia. Jicho la kushoto limekufa tangu mwaka jana. La kulia lina ukungu na nyuzi nyeusi zinazoelea, siku nyingine ni chache, siku nyingine ni kama mtu kamwaga wino. Ni sukari. Vimishipa vya nyuma ya jicho vinavuja damu. Daktari wake wa sukari alimwambia la kulia linaweza kuokolewa, hospitali ya macho wana mwanga wa kuchomea hivyo vimishipa, lakini aende mapema.

"Mapema ni lini?"
"Alisema nisichelewe."
"Basi kesho, kaka! Kesho asubuhi nakupeleka mimi!"
"Mvua zikiisha."
"Jicho linajua mvua?"
"Usinipigie kelele mimi, mimi ni mkubwa wako." Kisha kwa upole: "Nikiingia hospitali ya macho, kesho yake mji mzima unajua. Nani ataleta gari kwa fundi kipofu? Na wifi yako hajui kitu. Usimwambie. Niapie."

Nikaapa. Mungu anisamehe, niliapa.

Alipoinuka aliniuliza, taratibu, kama anauliza bei ya kitu: "Tangu mvua zianze, umeona gari yangu yoyote imerudi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama alivyosimama, mkono kwenye boneti, mrefu kama baba, ananisubiri. Nikasema, "Hapana, kaka. Haijarudi hata moja."

Akashusha pumzi. "Baba alisema mtu atakudanganya, gari haikudanganyi. Gari ndiyo shahidi. Siku itakayorudi, nitajua."

Aprili 4, Alhamisi
Nimemwangalia kutwa nzima. Anafungua nati kama mtu aliyelala nazo kitanda kimoja miaka thelathini. Nimejificha nyuma ya gari nikalia.

Aprili 11, Alhamisi
Nimenunua rangi ya kucha. Mwenye duka kanitazama mikono, akasema, "Bi Spana, umepata mchumba?" Nikamwambia nimempata, anaitwa krenki.

Gari ya mzee wa nguo za mitumba. Leo siyo kunakili tu, kaka kakosea mwenyewe, meno mawili. Ingekufa barabarani. Saa sita nimeipanga upya, nimeweka matone mahali ambapo kidole chake kitayatarajia. Nimekuwa hodari wa kuiga matone yake, nene chini, ncha juu. Msasa kanikuta. Akaniuliza nafanya nini, nikamwambia kazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akafunga mdomo akaondoka, na hilo likanitisha kuliko angeuliza tena.

Kila siku namwambia kaka twende. Kila siku ananijibu mvua zikiisha. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi nadhani nikimshikilia hivi, asiaibike, asivunjike moyo, siku zitapita, mvua zitaisha, atakwenda kwa miguu yake na heshima yake. Ndivyo nilivyopanga. Namnunulia muda.

Wifi: "Gari zimewaka?"
"Zimewaka."

Aprili 17, Jumatano
Kaka kajikwaa kwenye jeki, kaanguka juu ya bampa. Akasema ni utelezi. Kila mtu akasema ni utelezi. Sakafu ilikuwa kavu pale.

Mchana Msasa alikuwa anamgombeza mteja aliyepaka rangi juu ya kutu: "Kutu ukiifunika, bosi, unaipa nyumba. Inakula huku imejifungia mlango." Mteja akacheka. Mimi nikamwambia Msasa aache siasa afanye kazi.

Aprili 23, Jumanne
Mvua haijapumua siku tatu. Maji yameingia gereji mpaka kifundo cha mguu, tumepandisha injini zote juu ya matofali. Nimerudi nyumbani nimelowa chepechepe, njaa inaniuma, na wifi yuko pale pale mlangoni, mikono kaifunga kifuani.

"Gari zimewaka?"

Nikalipuka. "Wifi, kila siku, kila siku! Wewe unataka kusikia nini? Kwamba hazikuwaka?"

Akanitazama muda. Macho yake yamevimba, sikuwa nimeyaona.
"Labda," akasema.

Labda! Mume wake anatafuta ugali wake kwa kupapasa, na yeye anamwombea gari zisiwake! Nilipita nikamgonga bega makusudi. Sikula chakula chake. Najua yeye hajui kitu kuhusu jicho, lakini hata asiyejua, hivi ndivyo mke anavyoongea? Nimekaa chumbani nikamhurumia kaka kwa kuoa jiwe.

Aprili 30, Jumanne
Homa. Viungo vyote vinauma. Kaka kasema nilale.

Mei 1, Jumatano
Nimelala.

Mei 2, Alhamisi
Homa bado. Msasa kapita kunijulia hali, akasema kaka anafunga cheni ya gari la Mama Mikate. Nikataka kuinuka, nikaanguka nusu nje ya kitanda. Wifi akanirudisha, akanifunika. Nikamwambia, "Nahitaji kwenda gereji saa sita." Akaniuliza kuna nini saa sita. Nikasema hakuna.

Mei 3, Ijumaa
Mama Mikate husambaza mikate kwenye maduka kabla watu hawajaamka. Gari lake lilitoka gereji jana alasiri likiwa linanguruma vibaya. Kaka alimwambia injini inajizoeza. Leo alfajiri, njia panda, likapiga kishindo kimoja likanyamaza. Watu wakalisukuma mpaka kwetu kwenye mvua, mikate yote ndani inageuka uji.

Nilikuwa nimejikokota mpaka gereji, shuka mabegani. Mama Mikate hakutukana, afadhali angetukana. Alisema tu, "Fundi, mimi nilikuamini," akaketi kwenye ngazi ya gari lake.

Kaka akafungua. Hakutaka msaada. Akatoa kifuniko cha mbele, akaweka kidole kwenye gia, akakitembeza jino kwa jino, midomo inahesabu. Meno matatu: mawili ya kufunga vibaya, na la tatu cheni iliruka yenyewe njiani. Kisha akaingiza kijiti kwenye tundu la plagi, akazungusha krenki, akasikiliza kikikwama. Valvu zimepinda, hakuna haja ya kuona ili kujua. Msasa alikuwa kasimama kwenye mlango, kashika kofia yake.

Nikangoja kaka atukane, arushe spana, anilaumu mimi kwa kuugua. Hakufanya lolote. Alinawa mikono kwa sabuni, polepole, akafuta, akachukua simu, akanipa. "Mpigie wifi yako. Mwambie nimekosea. Mwambie hivyo tu."

Nikapiga. Nikasema, "Wifi, kaka anasema nikuambie amekosea." Nikasikia sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Kacheka, na akasema, "Asante Mungu wangu, asante," na simu ikakatika. Akafika anakimbia, viatu mkononi, matope mpaka magotini, na mfuko wa nguo za kaka tayari umefungwa. Mfuko ulikuwa umefungwa siku nyingi, ulikuwa na vumbi.

"Twende," kaka akamwambia. Akatoka ameshika bega lake, mbele ya Msasa na mbele ya wateja wote, na hakujificha.

Mimi nilibaki nimeshika simu. Wifi hajui kitu, ndivyo nilivyoambiwa.

Mei 6, Jumatatu
Hospitali ya macho. Ijumaa walimwandikisha tu, leo ndiyo kuonwa na daktari. Benchi refu, watu wote wametazama ukutani. Waliniruhusu kuingia na kaka na wifi. Daktari ni kijana mwenye sauti ndogo. Alimulika, akamulika tena, akazima taa, akavuta kiti karibu na kaka, na hapo nikajua.

Alisema damu imevuja sana ndani, imefanya makovu, na makovu yamevuta ngozi ya nyuma ya jicho mpaka imebanduka. Mwanga hauna cha kuchoma tena. Kaka akauliza kuhusu upasuaji. Daktari akasema atajaribu kama wanataka, ila asimdanganye, hategemei kitu.

Wifi akauliza, "Tungekuja lini?"
"Mama, maswali hayo hayasaidii."
"Niambie."
Akatazama karatasi yake. "Mwezi wa tatu jicho hili lingebaki. Hata mwanzoni mwa wa nne."

Teksi ilikuwa Machi saba. Mkunga, Machi kumi na tisa. Nilijua tarehe zote, nilikuwa nimeziandika humu. Nikatoka nje nikaketi ukingoni mwa mfereji wa mvua.

Mei 8, Jumatano
Leo wifi kanieleza. Tulikuwa jikoni, kaka kalala. Anasema tangu Januari alikuwa anamsihi aende hospitali ya macho. Kaka alikuwa anasema wewe ni mke, una woga, daktari naye anatafuta wagonjwa. Gari ndiyo shahidi. "Siku nitakayokosea gari moja, moja tu, siku hiyohiyo nitakwenda, wala usinisukume." Akamwapisha asimwambie mtu, hasa mimi. Mimi sijui kitu, alimwambia.

"Kwa hiyo nikafunga mfuko," wifi akasema. "Nikawa nasimama pale mlangoni kila jioni. Namwombea mume wangu akosee, wifi. Mke gani anaomba hivyo? Nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Gari moja ife, jicho lipone. Na kila jioni unaniambia zimewaka. Nikaanza kuamini kwamba yeye ndiye mkweli, kwamba kweli bado anaona."

Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia. Nikamwambia. Sikupamba. Teksi, mkunga, ile ya alama isiyoonekana, mzee wa mitumba. Saa sita, pini, petroli, matone. Chupa yangu niliyoinunua mwenyewe.

Mikono yake ikasimama ndani ya sinia. Nilitaka anipige na hilo sinia. Nilikuwa nimemwita jiwe. Nilimgonga bega.

"Kila siku nilikuuliza," akasema.
"Kila siku uliniuliza."
"Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua injini."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akalia, nami nikalia, lakini kila mmoja upande wake wa jiko.

Mei 9, Alhamisi
Mvua.

Mei 15, Jumatano
Upasuaji ulishindikana. Wamemruhusu. Anatambua dirisha na ukuta, basi. Amekaa kitandani, anajifunza kumimina chai kwa kuweka kidole ndani ya kikombe.

Sikuweza kuvumilia tena. Mpaka leo alikuwa anasema, "Nilikosea moja, nikaenda siku hiyohiyo. Neno langu nililitimiza. Ni bahati mbaya tu." Anamwambia kila anayekuja kumpa pole. Msasa alipokuja akamwambia vilevile, na Msasa akatazama chini, kisha akanitazama mimi. Nikasema huyu mtu hawezi kuishi gizani na uongo wangu juu yake.

"Kaka, haikuwa moja."
Akaacha kikombe.
"Teksi ya Machi ulikosea. Nikarekebisha ulipokwenda kula. Na baada ya hiyo nyingine tatu."
"Matone yalikutana," akasema. "Niliyashika."
"Yalikuwa yangu."

Nje wifi alikuwa anafua, tukasikia maji yakimwagwa. Kaka alinyoosha mkono, nami nikadhani anataka kunipiga, nikasogeza uso karibu ili aupate. Alinishika kichwa, akakipapasa kama anavyopapasa injini asiyoijua, nyusi, pua, machozi.

"Ya kwanza ilikuwa lini?"
"Machi saba."
"Machi saba nilikuwa naona tochi. Nilikuwa naona rangi ya shati lako."
"Niliogopa uaibike."
"Najua."
"Nilikuwa nakupenda, kaka."
"Najua, ndiyo maana." Akatoa mkono wake. "Shahidi wangu ulimnunua, mdogo wangu. Ungeniacha nikosee."

Akatafuta kikombe, akakipata, chai ilikuwa imepoa.

Mei 27, Jumatatu
Mvua zimeisha. Paa limekauka, kaka kasema ndoo iondolewe, anasikia hailii tena. Tulimleta asubuhi, Msasa upande mmoja, mimi mwingine. Wateja wawili walimwona wakageuza gari zao getini.

Injini ya Mama Mikate nimeimaliza leo, valvu mpya na cheni mpya. Nilipanga kwa vijitundu, kiungo cha rangi juu ya kila kitundu, tochi mdomoni. Sikuweka tone. Nikamwita kaka aje aguse. Akapitisha kidole gumba mara moja, akauliza, "Umezungusha mara mbili?"
"Mara mbili."
"Kweli?"
"Kweli, kaka."
Akabaki ameweka kidole pale muda mrefu. Kisha akasema niwashe.

Jioni nimefika nyumbani nimemshika mkono. Wifi alikuwa mlangoni. Nikapunguza mwendo, nikangoja. Alimpokea mumewe, akamwonyesha kizingiti, wakaingia. Hakuniuliza.